Mwacheni Binti Aendeshe

Kiangazi hiki shemeji alikuja kututembelea hapa Minnesota, tukampeleka Duluth akalione Ziwa Superior. Dereva alikuwa binti yangu wa miaka 15. Tulipofika, picha ilikwisha tangulia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hukumu kutoka Moshi haikukawia: Marekani imewatoa akili, mmempa mtoto gari awaue.

Basi nijitetee. Hapa mtoto wa miaka 15 akijiandikisha mafunzo ya udereva na kufaulu mtihani wa nadharia, hupewa kibali cha kujifunza. Darasani hukaa saa 30. Mwalimu hukaa naye garini saa 6 tu. Kilichobaki ni mzigo wa mzazi: saa 50 barabarani, 15 kati ya hizo usiku, zote ziandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Mzazi akihudhuria somo lake la dakika 90, saa 50 zinapungua kuwa 40. Karatasi hiyo ndiyo mtoto anayokwenda nayo kwenye mtihani wa barabarani akifikisha miaka 16, kibali kikiwa kimetimiza miezi 6.

Saa zote hizo utazipata wapi kwa kwenda dukani na kurudi? Minneapolis hadi Duluth ni kama kilomita 250, na masomo yapo huko: kujipenyeza kati ya magari yanayokimbia zaidi ya kilomita 110 kwa saa, kulituliza gari upepo wa lori unapolisukuma, kumwahi kulungu kwa macho magharibi ikiingia. Tena usiku wenyewe unatafutwa. Mwezi Juni jua linazama saa tatu.

Shemeji alikaa nyuma, mkono juu ya mlango, midomo ikisali. Ni yeye huyu ambaye kila Desemba hupanda Moshi kutoka Dar es Salaam bila kumwachia mtu usukani. Safari ile unaijua. Mnaondoka alfajiri kabla foleni ya Kimara haijakaza, mayai yanaisha Chalinze, machungwa mnanunua Korogwe, na kila penye vibao vya 50 kuna trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Baba macho mekundu, lakini habanduki. Ataimba, atatafuna karanga, atafungua dirisha. Kiti cha nyuma amelala kijana wa miaka 20 mwenye leseni halali mfukoni, aliyezungushwa na chuo cha udereva mitaa ya jirani kisha akaambiwa amefuzu. Anazinduka Same kuuliza kama wamefika.

Januari baba huyohuyo anamrushia funguo: mrudishe shangazi yako Tanga. Barabara ni ileile, malori ni yaleyale, ila sasa hana wa kumwambia, "Tulia kwanza, usiovateki hapo."

Ninyi huko nyumbani daladala inawapitia mlangoni na bodaboda mnaiita kwa mluzi. Mtaani kwetu basi halifiki. Ukitaka mkate, washa gari. Nchi iliyomnyima mtoto wangu basi imempa usukani, halafu kampuni ya bima inanitoza kana kwamba amekwisha gonga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila tulifanyalo na watoto wetu ni kosa. Wakisema Kiingereza, tumewaharibu. Wakikaa ndani, tumewafungia. Wakiendesha, tumewatelekeza. Ajabu ni kwamba msimu wa ada ukifika, akili zetu huonekana zimerudi, tena tunaitwa watu wenye busara.

Wazee wangu, sisemi muwaweke watoto wa miaka 15 barabarani. Sheria ya huko yataka 18, na iheshimiwe. Nasema Desemba hii mwamsheni yule mwenye leseni. Mpeni gari mchana, kipande cha Mombo hadi Same, baba akae kushoto macho yakiwa mbele na simu mfukoni. Apunguze mwendo penye vijiji, avumilie nyuma ya lori penye mstari mzito, asimamishwe na trafiki na ajifunze kujibu kwa adabu. Baba akichoka, garini patakuwa na dereva wa pili. Na siku kijana akitumwa peke yake, barabara atakuwa anaijua.