Jembe la Mgeni

Siku ya kazi humhurumia mgeni. Unaamka ukijua zamu yako inaanza saa ngapi, kabati la taulo liko wapi, nani anakunywa chai na nani kahawa, na hata lugha ikikukwama, mikono hukusemea. Sikukuu ndiyo isiyo na huruma. Siku hiyo watu hurudi kwao, milango hufungwa, na wewe uliyetumwa kutoka mbali hubaki ukijiuliza ukae upande gani. Tangu nirudi Lushoto nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi, na bado sidhani kama nimelifikisha mwisho.

Nilikuwa Wuppertal, Ujerumani, nikijitolea chini ya VEM, jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambayo Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imo ndani yake. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 ili vijana wake waende kutumika katika nchi za Kusini. Miaka kadhaa baadaye njia ikafunguliwa na upande wa pili, nasi tukaanza kwenda kwao. Kwenye karatasi niliandikwa mtu wa kujitolea. Lakini usharikani, siku nilipoombewa mbele ya madhabahu, wazee waliniita mmisionari wao, na mabega yangu yalilisikia jina hilo. Kwetu Lushoto, katika milima ya Usambara, wamisionari wana sura na majina: Ernst Johanssen na Paul Wohlrab wa misheni ya Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na kanisa tunamosali leo lilianzia kwa watu kama hao. Sasa binti wa mkulima wa kabichi alikuwa anaifuata njia yao kinyumenyume. Nilibeba Biblia, vitenge viwili vya zawadi, na dhana kwamba nina kitu cha kuwapa.

Nilipangiwa nyumba ya kutunzia wazee. Hakuna aliyenitaka nihubiri. Asubuhi nilipaka mkate siagi, tena mpaka pembeni kabisa, maana kulikuwa na bibi mmoja ambaye mkate ukiachwa ukingo mkavu aliusukuma pembeni bila kusema neno. Saa tisa alasiri, mvua inyeshe isinyeshe, ilikuwa kahawa na keki. Jumapili nilikwenda kanisani na kukuta viti vingi vitupu na vichwa vingi vyenye mvi. Usiku, chumbani kwangu, niliwaza: nikirudi na kuulizwa nilichokifanya, nitasema nilipaka siagi? Kuna siku niliona ndiyo, na kwamba inatosha. Kuna siku niliona nimewadanganya walioniombea.

Siku za mapumziko nilipanda treni ya mji ule, inayoning'inia kwenye reli ya juu na kupita juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901. Mzee mmoja pale kazini alipenda kunisimulia habari za Tuffi, mtoto wa tembo wa sarakasi aliyepandishwa kwenye treni hiyo mwaka 1950 ili kuitangazia sarakasi biashara. Tembo akataharuki, akavunja ukuta wa behewa, akaangukia mtoni, na akatoka na michubuko tu. Mzee alinisimulia kisa hicho tena na tena, kila mara kama mara ya kwanza, nami nikajifunza kucheka mahali panapostahili kicheko. Siku nyingine nafikiri huo ndio uliokuwa utume wangu wote, kujua pa kuchekea katika hadithi ya mtu mwingine.

Furaha za sikukuu zilikuwepo, tena tele. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto walipita barabarani gizani wameshika taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe, wakimfuata mtu aliyepanda farasi, kisha wakagawiwa mkate wenye umbo la mtu, macho yake zabibu kavu, na kiko cha udongo mweupe kimebanwa kifuani. Februari nilichukuliwa hadi Köln kwenye kanivali, nikaona watu wazima wakigeuza miavuli juu chini ili kudakia peremende zinazorushwa kutoka kwenye magari ya maandamano. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hata hivyo, kila mahali nilisimama pale walipo watazamaji. Wenyeji wangu walikuwa wema mno: walinieleza kila kitu, walinipa nafasi nzuri ya kuonea, na nilipoinuka kusaidia waliniambia nikae, mimi ni mgeni. Nilikaa. Wema wa aina hiyo hauna pa kuulalamikia, na labda ndiyo sababu unachosha.

Tarehe 24 Desemba, siku ambayo kule ndiyo kilele cha Krismasi, maduka yalifungwa mapema na familia moja ya usharika ikanikaribisha kwao. Nilikuwa na Krismasi yangu kichwani: pilau, mbuzi, nguo mpya za watoto, kwaya hadi usiku wa manane. Pale palikuwa kimya. Chakula chenyewe, nikaambiwa, kitakuwa saladi ya viazi na soseji, kama katika nyumba nyingi za Wajerumani usiku ule. Nikakaa kwenye kochi, mikono mapajani, nikitabasamu kwa kila anayepita.

Kisha bibi wa nyumba akaniita jikoni. Alikuwa na sufuria ya viazi vilivyochemshwa na maganda, mvuke bado unafuka, na akanipa kisu kidogo pamoja na uma mfupi wenye meno matatu. Kiazi unakichoma kwa uma huo, unakiinua, unakimenya hewani bila kuungua. Nikajaribu kimoja. Halafu nikauweka uma pembeni, nikamenya kwa vidole, nikikirusha kiazi kutoka kiganja hiki kwenda kile kama nilivyozoea nyumbani. Bibi akaangalia vidole vyangu, akaguna, akasogeza sufuria upande wangu. Tukakata matango ya siki na tufaha. Akaja shangazi aliyeolewa kusini akisema saladi ya viazi hutiwa supu ya moto, mambo ya mayonezi ni ushamba, na ugomvi mdogo ukaanza, ambao bila shaka huanza kila mwaka. Wakanigeukia niamue. Nikasema mayonezi. Shangazi akaniita msaliti.

Jioni tulikwenda ibadani. Kikundi cha tarumbeta kilipiga nyimbo nilizozijua, maana tarumbeta za namna ile zinasikika hata kwetu Usambara, zililetwa na wamisionari. Niliimba Kiswahili katikati ya Kijerumani chao. Mikono yangu ilinuka siki. Usiku ule sikukumbuka kujiuliza kama mimi ni mmisionari.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikua nikiisikia methali hiyo kama njia ya adabu ya kumfukuza mvivu. Siku hizi naisikia tofauti kidogo: anayepewa jembe amehesabiwa. Ila sitaki kumpa bibi yule hekima ambayo hakuidai. Labda viganja vilimuuma tu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Hapa nyumbani methali hiyo inanishinda zaidi. Vijana wa Kijerumani wanakuja kujitolea kwetu, na Krismasi tunawaketisha mbele, karibu na mchungaji, tunawapa soda na paja la kuku. Wakiinuka kubeba sahani, mama zetu husema, "Acha mwanangu, kaa." Naiona mikono yao mapajani na naijua. Desemba iliyopita nilimwomba mama amwachie binti mmoja kati yao achambue mchele pamoja nasi. Mama akakataa. "Watu watasema tumemtuma mgeni."

Nilitaka kubishana, lakini nikasita. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani Lushoto hii iliitwa Wilhelmstal, na zamani hizo Washambaa walishurutishwa kufanya kazi katika mashamba ya masetla wa Kijerumani. Methali ilikuwa imepinduliwa: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Mama hakuizungumzia historia hiyo, na sijui kama ilikuwa na sehemu yoyote katika jibu lake. Lakini nilipoikumbuka niliona kwamba kumwambia mwanamke wa kwetu namna ya kumketisha mgeni kutoka Ulaya si jambo dogo, na mimi niliyefundishwa somo langu katika jiko la Wuppertal si mtu wa kulisema kwa sauti kubwa. Huenda kile kiti cha mbele ni heshima tupu. Huenda ni ukuta uliojengwa kwa upole. Au huenda ni njia ya mama ya kusema kwamba safari hii, katika nyumba hii, ni yeye anayepanga nani afanye nini.

Vijana wa usharika wanaojiandaa kwenda nje hunijia kuniuliza wajiandae vipi. Zamani ningewaambia wajifunze lugha na kukariri mafungu. Sasa nawaambia wakae karibu na jiko, kisha naona ushauri wenyewe umepungua kitu, kwa sababu mimi sikujiingiza jikoni, niliitwa. Mtu hawezi kujiita.

Baada ya siku mbili tatu mama alilegea nusu. Yule binti akapewa ungo wa mchele, lakini nyuma ya nyumba, ambako majirani hawaoni. Alichambua polepole, akiacha mawe mengi, na mama akaurudia mchele wote bila kumwambia. Krismasi ijayo nitaomba ungo uhamie barazani. Mama amesema tutaona.