JIWE LA USO, NA SWALI AMBALO SIKUMUULIZA MDOGO WANGU (Sehemu ya 11)

Nimetoka naiti, nimeoga, nimekunywa chai, na kabla sijalala nataka niandike hii maana nimeikwepa karibu mwezi mzima. Sehemu ya 10 niliahidi kujibu maswali yenu ya gua sha. Nitayajibu, ila mnivumilie, maana humu ndani kuna kosa langu mwenyewe.

Tuanze na jiwe.

Mimi uso wangu huvimba nikiamka. Ni maisha ya wodini tu. Unashinda usiku kucha umesimama, saa nane za usiku unakula chipsi za chumvi kali kwa sababu ndizo zilizobaki, maji hunywi maana huna muda wa kwenda chooni, halafu unafika nyumbani unalala kifudifudi kama gogo. Ukiamka macho yamekuwa madogo, mashavu yamejaa. Na zile siku tunazompoteza mgonjwa nikalia ndani ya daladala, ndiyo usiseme. Kuna baba mmoja nilikuwa nampa dawa, akanitazama usoni akaniuliza, "Sista, na wewe umelazwa wodi namba ngapi?" Tulicheka wote, ila iliniingia.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenionyesha gua sha. Ni kipande bapa cha jiwe, kinatosha kiganjani, kina mikunjo ya kufuata taya na shavu. Asili yake ni China. Gua ni kukwangua, sha ni ule wekundu wenye vitone kama mchanga unaotokea kwenye ngozi. Kwa asili hufanywa mgongoni na shingoni, mtu akiwa na maumivu ya mwili, na hukwangua kwa nguvu mpaka ngozi iwive. Hii ya usoni ni taratibu. Ukimaliza ukaona alama nyekundu zinabaki usoni, umekandamiza sana.

La kwangu nilinunua Kariakoo, bei ya kawaida tu. Usihangaike na rangi ya jiwe. Kijiko cha chuma kilichokaa kwenye friji kinakupa ule ubaridi, na ubaridi ndio nusu ya kazi.

Inafanyaje kazi? Mchana ukiwa umesimama, maji ya mwili yanavutwa chini, miguu ndiyo inajaa. Ukilala yanasambaa, mengine yanatulia usoni, hasa chini ya macho ambako ngozi ni nyembamba. Kuna mishipa ya limfu inayokusanya maji hayo na kuyarudisha kwenye damu, na mahali yanapoingilia ni karibu na mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo. Mishipa hii haina moyo wa kuisukuma kama damu. Inategemea wewe kutembea, kupumua, kutafuna, kuguswaguswa. Jiwe linasaidia kusukuma kidogo.

Ninavyofanya mimi:

1. Nanawa uso na mikono, naosha jiwe kwa sabuni.
2. Napaka mafuta kidogo. Usikwangue uso mkavu.
3. Naanza shingoni, natelezesha taratibu kuelekea kwenye mtulinga, mara tano kila upande. Lengo ni kufungua njia kwanza.
4. Jiwe nalilaza karibu bapa, silisimamishi kama kisu. Nguvu ni ile ya kumpapasa mtoto mchanga.
5. Kutoka kidevuni kufuata taya mpaka sikioni. Kutoka pembeni ya pua kupita shavuni mpaka sikioni. Chini ya jicho kuelekea kwenye panja, hapo ni mguso tu. Paji la uso kutoka katikati kwenda pembeni.
6. Namalizia kwa kushusha tena shingoni. Dakika tano, imeisha.

Usifanye kama una chunusi zilizoiva, kidonda, upele au fangasi usoni. Kama unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, muulize daktari wako kwanza. Na usiazimane jiwe bila kuliosha.

Sasa tusidanganyane. Gua sha haipunguzi mafuta ya uso, haibadilishi mifupa, haitoi "sumu". Sumu zinatolewa na ini na figo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 11 wenye afya ulioonyesha damu inaongezeka kwenye ngozi iliyokwanguliwa, lakini hiyo ilikuwa gua sha ya mwilini, siyo ya usoni. Ninachoweza kusema ni kwamba uso wangu unapungua, na pengine ungepungua hata bila jiwe, maana kusimama tu kunashusha maji. Kilichonisaidia zaidi ni mto wa pili kichwani na kuacha zile chipsi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku. Mimi nilikuwa naimaliza kwenye sahani moja.

Hapo ningeishia, mngenishukuru, tungeendelea na maisha. Lakini kuna mdogo wangu.

Alikuwa na mimba ya kwanza, wiki ya 32. Siku ya Jumatano akanitumia picha WhatsApp. Kajipiga mwenyewe kitandani, kavimba, anacheka. Kaandika: "Dada, uso umekuwa andazi. Nitumie lile jiwe lako, kesho kutwa nina harusi."

Nikacheka. Nikamwambia mimba hiyo, karibu kwenye chama. Nikamrekodia sauti dakika nzima ya maelekezo, shingo kwanza, usikandamize. Jiwe nikampa bodaboda akampelekea. Jioni akanijibu, "Dada limesaidia kidogo, asante." Nikaweka kikopa.

Jumapili akaja nyumbani kula. Nilipomfungulia mlango nikaona mkono wake hauna pete. Nikamuuliza, akasema imembana tangu wiki iliyopita, ameivua kwa sabuni. Akakaa, akaomba nizime taa ya sebuleni kwa sababu kichwa kinamuuma toka jana na anaona vitu kama vimulimuli mbele ya macho. Alisema hivyo huku anakula tikiti.

Jamani, mwili ulinifa ganzi. Nikachukua mashine ya presha. 168 kwa 112. Nikarudia mkono wa pili, hivyo hivyo. Kliniki yake ya mwisho alikuwa ameiahirisha kwa sababu ya ripoti za kazini, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Sikusubiri shemeji arudi. Tuliita gari tukaenda hospitali. Mkojo ukapimwa, protini plasi tatu. Hiyo ni presha ya ujauzito ile inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Akapewa dawa za kushusha presha, sindano za magnesiamu za kuzuia degedege, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Jumatano, wiki moja kamili toka ile picha, wakamfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, kilo 1.8. Amekaa kifuani kwa mama yake kwa njia ya kangaroo siku nyingi, na leo navyoandika ananyonya vizuri, mama presha imeshuka, wote wako nyumbani. Namshukuru Mungu, na nawashukuru waliokuwa zamu usiku ule.

Lakini ile picha bado ipo kwenye simu yangu. Nimeshaiangalia mara nyingi. Kope zimejaa, pua imepanuka, midomo imejaa. Ingekuja wodini na mama mwingine yeyote, nisingemaliza sekunde kumi kabla sijamwambia akae nimpime presha. Nilisoma stashahada yangu miaka mitatu na hilo ni somo la mwanzo kabisa. Kwa nini sikuliona? Kwa sababu lilikuja likiwa limevaa nguo ya urembo. Aliniomba jiwe, hakuniomba ushauri, na mimi nikamjibu kama dada, nesi nikamwacha wodini.

Mdogo wangu hajanilaumu hata mara moja. Nilipomwomba msamaha alisema, "Dada, si ndiyo wewe uliyenipima?" Ndiyo, ila siku nne nimechelewa, na siku nne kwenye ugonjwa huu ni nyingi mno.

Kwa hiyo kabla hujashika jiwe, jiulize maswali haya. Chukua picha ya skrini uwatumie wenzako.

Je, uvimbe unaisha kufika mchana? Ule wa usingizi na chumvi huwa unaisha. Unaobaki kutwa, au unaoongezeka kila siku, nenda kapime.

Je, ni uso peke yake? Angalia pete, angalia viatu. Bonyeza mguu kwa kidole juu ya mfupa wa mbele, hesabu mpaka tano, achia. Kikibaki kishimo, nenda kapime.

Je, mkojo una povu jingi, umepungua, au umebadilika rangi? Hapo figo zinataka kuangaliwa. Kwa mtoto anayeamka kavimba macho kila siku ni hivyo hivyo, usimalize wiki unasema ni usingizi.

Je, una ujauzito, au umejifungua wiki chache zilizopita? Uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana, ukiona giza au vimulimuli, au ukiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda leo, hata usiku.

Na kama midomo au ulimi unavimba ghafla na pumzi inabana, hiyo ni dharura, kimbia hospitali.

Kupima presha ni dakika mbili, kupima mkojo ni kijikaratasi tu. Ukipimwa ukaambiwa uko salama, rudi nyumbani paka mafuta yako, telezesha jiwe lako kwa raha zako. Mimi bado natumia. La kwangu lilirudi wiki iliyopita, mdogo wangu kaliosha, kalifunga kwenye kitambaa cha mtoto. Kila nikilishika asubuhi, kwanza nabonyeza mguu.

Nimeanza kusinzia. Sehemu ya 12 tutaongelea miguu kuvimba kwa sisi tunaosimama kutwa, na zile soksi za kubana. Kama una mjamzito nyumbani, ukimaliza kusoma hapa mpigie simu, muulize kliniki ya mwisho alienda lini na presha ilisomaje.

Siku njema, wapendwa.