Mto Tana Ulipotuhamisha

Ndugu wasomaji, tumeombwa tuandike habari za nyumba yetu na mafuriko ya mwaka 2024, nasi tunaandika tukitaraji zitawafaa wenzetu wanaokaa karibu na mito.

Sisi twakaa upande wa Garsen, kando ya Mto Tana. Mafuriko ya huku huweza kuja na mbingu i kavu. Maji hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita mabwawa matano, la kwanza Masinga. Mabwawa yakijaa, maji huteremkia kwetu, ila huchukua siku kadhaa njiani, na siku hizo ni neema kubwa. Ilikuwa Aprili, mwezi wa mfungo mosi, redio ilipotangaza kwamba Masinga limejaa, walio chini wahame. Ami akachomeka kijiti ukingoni, akawa akikitazama kila baada ya swala. Isha tulikiacha kimesimama, alfajiri hakionekani.

Wako majirani waliosema wao wametawakali. Sawa, lakini kisa cha yule bedui na ngamia wake sote tumekisoma chuoni. Tukaanza kufunga mizigo. Misahafu kwanza, kisha vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na kadi za kliniki, vyote ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo hiyo alipewa mtu mmoja, asishike kitu kingine. Dawa za presha za babu, kiberiti ndani ya chupa kavu, vyandarua (mbu wa kambini hawasimuliki). Mbuzi walitangulia siku moja kabla, maana mbuzi haingii mtumbwini kwa hiari yake. Kabati tuliliacha juu ya matofali.

Shida ilikuwa bibi. Alikataa katakata. Alisema maji ya El Nino ya mwaka 1997 yaliishia kwenye mwembe, tena mto huo ndio uliomlea: maji yakiondoka huacha tope jeusi, na mpunga hustawi bila mbolea. Asemalo ni kweli, na ndiyo sababu kuhama huku ni kuzito kuliko wanavyodhani watu wa mjini. Baba alimbembeleza, mama akalia. Maji yakaupita mwembe, yakaingia uani.

Ami hakubishana naye. Alileta gunia la mbegu, akachutama mbele yake.

"Mama, sisi hatujui ipi ni ya kusia mapema na ipi ya kungoja. Tukienda nazo bila wewe, tutazipika."

Bibi alinyamaza. Akaingia ndani, akatoka amevaa buibui lake na vibuyu vitatu vya mbegu ambavyo hatukuwahi kuviona maisha yetu. Akaketi katikati ya mtumbwi, amevipakata.

Tulivuka kabla ya adhuhuri. Ami alitukataza kushuka, hata palipoonekana pafupi, kwani maji ya magotini yakienda kasi humwangusha mtu mzima, na mamba nao walikuwa wamehama. Tulipofika kambini, penye mwinuko, bibi aliuliza kwanza kibla kiko wapi, kisha akauliza ni wapi atakapotundika vibuyu vyake panya wasivifikie.