Tulivyopeleka Wali Kyela

Wazo lilikuwa la mume wangu, na nalisema hilo mapema ili lawama zijue pa kwenda. Jioni moja alirudi kutoka Kariakoo na kiboksi cheusi cha kitambaa kigumu, ukubwa wa begi la kompyuta, chenye waya unaochomekwa kwenye gari, kwenye lile tundu tunalochajia simu ambalo zamani lilikuwa la kuwashia sigara. Ndani kuna bamba la chuma linalopata moto. Unaweka kontena la chakula juu yake, unafunga zipu, unaendesha. Ukifika, chakula cha moto. "Jiko la gari," alisema, kama vile amelivumbua yeye.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kwao Kyela, safari yangu ya kwanza huko tangu tufunge ndoa. Dar mpaka Mbeya ni kilomita 830 hivi, halafu bado zaidi ya 100 za kushuka ziwani. Kwa kweli wazo lenyewe lilinipendeza. Hakuna chipsi za mafuta ya juzi, hakuna kusimama kila kituo. Tungeegesha sehemu yenye upepo, sisi wawili, tukala chakula cha nyumbani tukiangalia milima. Si ndiyo mapenzi hayo?

Sasa nyie mnaosafiri na wenza wenu mtanielewa. Anayenunua mashine ni mmoja, anayeamka saa nane usiku kuijazia ni mwingine. Nikapika wali wa nazi, tena mchele wa Kyela wenyewe, nikakaanga kuku, nikajaza kontena mpaka mfuniko ukagoma. Saa kumi alfajiri tukawasha gari. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nilikuwa nasafirisha wali kwenda Kyela. Ni kama kubeba nazi kwenda Mafia.

Tulikichomeka kiboksi Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu, nikiwa nimeshika usukani mimi. Tukaupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, harufu ya kuku ikatujaa garini, na tulipoegesha Ilula saa saba mchana tulikuwa na njaa ya kweli. Kuku alikuwa wa moto. Wali ulikuwa wa moto pembeni na chini, katikati vuguvugu kama maji ya kunawa. Mimi niliambulia paja la kuku tu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuendelea. Mwenzangu aliumaliza wali, wa pembeni na wa katikati, kwa sifa nyingi.

Hatujafika Mafinga, akaniambia nisimamishe gari. Sitaeleza zaidi. Alisimamisha gari mara tatu kabla ya Makambako, na tuliingia Mbeya saa nne usiku akiwa amejikunja kiti cha nyuma, rangi imempotea.

Siwezi kuapa kwamba ni wali. Lakini usiku ule hotelini nilisoma mpaka macho yakauma, na niliyoyasoma yalinitosha. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, kinapenda sana wali. Mbegu zake ni ngumu, hazifi kwa maji yanayochemka. Wali ukishapikwa ukaachwa upoe taratibu kwenye joto la kawaida, mbegu zinaamka, vijidudu vinazaana, na baadhi vinatoa sumu. Sumu hiyo hata uipashe moto namna gani haiondoki. Mtu huanza kutapika kati ya saa moja na saa sita baada ya kula. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na cha kupasha kifike nyuzi 70 mpaka katikati. Wali wangu ulikaa kwenye gari yenye joto tangu alfajiri mpaka mchana, ndipo tukaanza kuupasha, na katikati haukukaribia hata nyuzi hizo.

Hapo ndipo nilipokielewa kiboksi. Kipo cha kupasha, si cha kutunza. Na kupasha kwenyewe ni kwa uvivu. Chetu kimeandikwa wati 100. Birika la umeme la nyumbani linafika 2,000. Ukipiga hesabu, kilo moja ya chakula inahitaji nusu saa kama hakuna joto linalopotea, na joto linapotea sana, kwa hiyo weka saa nzima au zaidi. Mimi nilikuwa nimeshindilia kilo mbili za wali, kitu kinachopitisha joto polepole. Ajabu yake nini kama katikati palibaki vuguvugu?

Asubuhi mgonjwa wangu aliweza kunywa maji tu. Tukakata kona Uyole kuelekea kusini, na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hii barabara ni ya kwenda nayo hata kama huna mkwe huko. Unaanza kwa baridi. Isyonje ukungu umelala barabarani, viazi vimepangwa kwenye ndoo, watoto wamevaa makoti. Kiwira, halafu Tukuyu, chai imekatwa sawasawa kama zulia, migomba kila unapogeuza shingo. Baada ya hapo barabara inaanza kuanguka. Unavua koti, kisha sweta, kisha unafungua kioo. Kutoka milimani mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000, na ziwa lenyewe liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Chini huko ni nchi nyingine kabisa: mpunga, michikichi, kakao imeanikwa uwanjani, joto linalokukumbusha Dar. Ukiingia Kikusya, lami inakupeleka Ipinda mpaka Matema, kilomita 39 hivi.

Nyumbani ni kijiji kimoja nje ya Ipinda. Nilikuwa nimefundishwa "mugonile" njia nzima, nikaitoa pamoja na shikamoo, nikapiga goti, mama mkwe akacheka akanikumbatia. Mambo mazuri. Kosa likafuata ndani ya dakika kumi.

Mume wangu alikuwa bado tumbo halijakaa sawa. Asubuhi Mbeya nilikuwa nimemchukulia uji hotelini, nikaweka kwenye deli la barafu, na safari hii nilijua ninachofanya: saa nzima ya mwisho ulikuwa kwenye kiboksi, ukafika unatoa moshi. Nikaona kuliko kumsumbua mama, nimpe mwenzangu uji wake. Nikatoka na kiboksi, nikafungua zipu pale barazani, nikammiminia mwanaye kikombe.

Mama alikuwa mlangoni. Nyuma yake jikoni kulikuwa na moto umewashwa tangu asubuhi. Akatazama kikombe, akatazama kiboksi.

"Mmekuja na chakula chenu?"

Hakupandisha sauti. Mume wangu akaanza kueleza habari za tumbo, bamba la chuma, nyuzi 70. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa baba. Kwani huku hakuna jiko?" Akarudi ndani.

Wasomaji wangu, nimewahi kugombana na watu wakubwa ofisini, lakini sijawahi kujisikia mdogo namna ile. Kwa wale ambao hamjaoa au kuolewa Unyakyusa, niwape kidogo nilichokijua baadaye. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, kitabu chake kizima cha mwaka 1951 kinahusu jambo hili, yaani raha ya kukaa, kula na kunywa pamoja na wenzako, wanayoiita ukwangala. Enzi zile vijana wa rika moja walijenga kijiji chao na kula pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtu wa kula peke yake alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mkwe wa kike naye alikuwa na miiko yake, hata kuonana uso kwa uso na baba mkwe hakuruhusiwi. Mengi yamelegea. Lakini mimi nilikuwa nimefungua chakula cha kufungiwa zipu kwenye baraza la watu wa namna hiyo, na moto wao unawaka.

Nikavua saa, nikaingia jikoni. Sikuomba msamaha kwa maneno kwa sababu sikujua niuanzie wapi. Nikachukua ungo. Mama akanitazama ninavyopeta mchele, akaninyang'anya, akanionyesha, akanirudishia. Tukaenda hivyo. Mchele mpya una harufu ambayo ule wa dukani Dar unaisingizia tu. Akapika mbasa, samaki wa ziwa anayepanda mitoni kuzaa na ambaye siku hizi hapatikani kirahisi kama zamani, na mboga za majani zilizotiwa mawese. Nilipomweleza habari za wali wa Ilula, alikunja uso. Kwake, alisema, wali wa usiku ukibaki ni wa kuku wa bandani. Hajawahi kusikia habari za Bacillus cereus, wala hana haja nayo.

Mume wangu alikula sahani mbili. Uji ulimwagwa, na si mimi niliyeumwaga.

Jumamosi tukaenda Matema, wawili tu, kwa baraka zote. Pale milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, mchanga mrefu, maji maangavu, na asubuhi mitumbwi inakuja Lyulilo imepakia vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavifinyanga Ikombe, ng'ambo kidogo, kijiji cha kufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu, na Jumamosi ndiyo siku ya soko. Tukanunua chungu kimoja na samaki wa kuchoma. Samaki akapoa tukiwa tunaogelea. Mume wangu, ambaye tumbo lilikuwa limepona na kiburi kimerudi, akasema sasa ndiyo wakati wa kiboksi.

Tukachomeka, gari imezimwa, muziki uko juu, milango wazi, tukatandika khanga. Saa mbili nzuri kuliko zote za safari. Samaki alikuwa wa moto mpaka mfupani. Gari haikuwaka.

Hesabu yake ni fupi. Wati 100 kwenye betri ya volti 12 ni kama ampea nane. Betri ya gari ndogo hizi za Kijapani ni ampea-saa 35 mpaka 45 ikiwa mpya, na yetu haikuwa mpya. Saa mbili zinakula kumi na sita, ongeza muziki, ongeza taa za milango. Kuna magari ambayo lile tundu linazimika ukitoa ufunguo, na wenye magari hayo wana bahati. Letu halizimiki. Vijana watano walijitolea kusukuma, wakasukuma kwa moyo, mpaka mmoja akauliza kama ni ya oto. Ni ya oto. Ya oto huiwashi kwa kusukuma. Tulikaa mpaka jua linaingia milimani, ndipo dereva wa Noah ya abiria mwenye nyaya za kubusti akatuhurumia. Wakati tunamsubiri samaki aliliwa na wote waliosukuma, na hakubaki hata wa kupasha. Nilimwona mume wangu anasimulia habari za bamba la chuma kwa vijana watano wanaocheka, na kusema kweli sikumwona amefurahi vile Ilula.

Siku ya kuondoka mama alipika ndizi na maharage usiku, akazipoza haraka kwenye sinia pana, akazifunga. Barafu ya deli tulipata Kyela mjini. Nilizigawa kwenye vikontena viwili vifupi badala ya kimoja kirefu, na tukakaa na gari inawaka kuanzia Tukuyu. Isyonje ukungu ulikuwa palepale. Tukaegesha, injini inanguruma, nikafungua zipu, moshi ukapanda mpaka kwenye kioo. Muuza viazi mmoja mwenye koti la mvua alikuwa ananukuliwa bei na mume wangu huku macho yake yako kwenye kontena, basi tukampa la pili na kijiko.

Simu ikaita. Mama.

"Mmeshakula?"

"Tunakula sasa hivi mama. Za moto kabisa. Ndaga fijo."

Kimya kidogo. "Na kale kasanduku kenu, kanaweza kukaa kwenye betri ya sola?"

Nikapiga hesabu ya ampea nane kichwani. "Kataimaliza mama, mtakosa taa."

"Basi kaeni nako," akasema, akakata.