Chembe zinazojipanga zenyewe, na maji ya kisima

Niko Kilimatinde wiki hii, huku juu ukingoni mwa Bonde la Ufa. Kazi ya gazeti nimeiacha Dar, lakini uandishi hauachi mtu: nikipita kisimani naanza kuuliza maswali. Singida ni kati ya mikoa ya Tanzania yenye madini mengi ya floridi majini. Yakizidi, meno ya mtoto hugeuka kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linataka yasipite miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floridi hubaki palepale.

Basi tuongee sayansi kidogo. Angalia sabuni. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa nyingi majini, mikia hujificha ndani, vichwa hubaki nje, na kijidonge hujiunda. Hakuna fundi aliyezipanga! Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza kwamba walitumia mpangilio kama huo kuwa kalibu: silika iliganda kuuzunguka, kisha kalibu ikachomwa, yakabaki matundu yaliyopangika kama sega la nyuki.

Wengine wanatengeneza chembe yenye madoa. Unachanganya molekuli za aina mbili zisizopatana, na kila aina inajitenga upande wake kwenye chembe ileile. Hebu fikiria doa moja linanasa floridi na jingine linaua bakteria.

Usidhani nano ni mambo ya Wazungu tu. Dk. Askwar Hilonga, Mtanzania aliyesoma Korea Kusini, alibuni chujio la mchanga na chembe za nano akiwa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Uzuri wake ni kwamba linarekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilimpa tuzo yake ya kwanza ya Afrika, pauni 25,000.

Ninachopenda hapa ni kwamba akili yote iko kwenye mchanganyiko. Ukiupatia, chembe zinajipanga bure. Lakini chujio halitatembea lenyewe kutoka maabara hadi kisima cha kijijini. Hapo wanatakiwa watu na bajeti, na hivyo havijipangi. Nani aanze?