Sauti Ina Mwenyewe

Katika Kiswahili neno sauti lina uzito kuliko mlio utokao kooni. Mtu asiyesikilizwa barazani husemwa kuwa hana sauti, na mwenye neno la mwisho husemwa kuwa anayo. Waswahili, basi, walikwisha kuifungamanisha sauti na nafsi ya mtu na hadhi yake kabla redio haijafika Pwani. Ni ajabu kwamba katika zama hizi ambapo sauti imekuwa bidhaa, mwenye kuitoa ndiye mara nyingi asiye na sauti katika biashara yake mwenyewe.

Mombasa imezoea kusikia sauti zisizo na sura: tangazo la sabuni redioni, wito wa mkutano kutoka kwenye gari lenye vipaza sauti linalopita Changamwe na Mikindani, maelekezo ya simu yanayomtaka mpigaji abonyeze nambari moja. Nyuma ya kila sauti ya namna hiyo pana mtu. Na achukuliwe, kwa mfano tu, kijana wa Mtongwe aliyejaliwa ufasaha. Anaitwa studio kisiwani, anasoma maneno ya nusu dakika, anayarudia mara kumi hadi mwenye tangazo aridhike, kisha anapewa fedha taslimu na kurudi Likoni kwa feri. Hapana karatasi iliyotiwa saini. Mwezi wa kwanza tangazo lasikika redioni. Mwezi wa tatu limo katika televisheni. Mwaka wa pili limo madukani na kwenye intaneti, na pengine maneno yake yamekatwa na kuungwa upya ili yauze bidhaa ambayo yeye hakupata kuisikia. Mchele mmoja mapishi mbalimbali. Lakini mwenye mchele huyu amelipwa chungu kimoja tu.

Wapo watakaouliza: je, mwashi akimaliza kujenga nyumba hudai sehemu ya kodi kila mwezi? Hoja hiyo ina mvuto, ila inasahau jambo moja. Mwashi akiondoka huondoka na mikono yake, akaenda kujenga kwingine. Mwenye sauti huiacha sauti yake nyuma ikiendelea kufanya kazi, na huenda ikamzibia riziki, kwa kuwa kampuni shindani haitaki sauti ambayo wasikilizaji wameshaizoea kwa mpinzani wake. Kwa hiyo yapo malipo ya aina mbili yasiyopaswa kuchanganywa. Kwanza ni ujira wa kazi ya studio. Pili ni malipo ya matumizi, ambayo hutegemea chombo gani, eneo gani na muda gani. Anayelipwa ujira peke yake amelipwa nusu.

Sheria haikunyamaza juu ya suala hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtendaji, yaani anayeigiza, anayeimba au anayeghani kazi ya fasihi au ya muziki, na kumpa haki juu ya kurekodiwa, kutangazwa na kunakiliwa kwa utendaji wake. Haki hizo hudumu kwa miaka 50. La kumfurahisha mwanafunzi wa fasihi ni kwamba sheria hiyo huitambua kazi ya fasihi bila kujali ubora wake wa kisanaa. Wahakiki wanaweza kulidharau tangazo la sabuni, sheria hailidharau. Aidha, hakimiliki haihamishwi ila kwa maandishi yaliyotiwa saini. Hata hivyo, haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama hazina iliyozikwa chini ya kitanda cha maskini. Wahenga walikwisha kuonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Teknolojia mpya imelizidisha tatizo. Mnamo Julai 2005 msanii wa Marekani, Susan Bennett, alirekodi sentensi nyingi kwa ajili ya kampuni ya teknolojia ya sauti. Kwa maelezo yake, hakujua zingetumika wapi hadi mwaka 2011, sauti ya Siri ilipoanza kusikika katika simu za Apple. Mwaka 2021 Bev Standing wa Kanada aliishtaki TikTok kwa kutumia bila idhini sauti aliyoirekodi kwa kazi nyingine; shauri hilo likamalizika kwa maafikiano mwaka huohuo. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai hadi Novemba, na miongoni mwa madai yao ilikuwa idhini na malipo pale mashine inapotengeneza nakala ya mtu. Ikiwa waliojikusanya katika vyama vyenye nguvu wamelazimika kupigania jambo hili, itakuwaje kwa kijana wa Kisauni anayejadiliana bei peke yake mlangoni pa studio?

Si kwamba kila sauti sharti iuzwe. Katika mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, wasemaji wa Kiswahili wamesoma sentensi na kuzitoa bure ili mashine zijifunze lugha yao. Mchangiaji wa mradi huo huelezwa tangu mwanzo kwamba sauti yake itakuwa wazi kwa umma. Tofauti iliyopo ni baina ya kutoa na kunyang'anywa, na mpaka wake ni idhini. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo imeutaja utambuzi wa sauti katika data za kibayometriki, pamoja na alama za vidole. Sauti, basi, ni sehemu ya mwili.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika, na kwa njia mbili. Kwanza, yeye mwenyewe ni mrekodi wa sauti. Huenda Likoni au Jomvu na kinasa sauti chake, akamsikiliza bibi mwenye ngano na nyimbo za unyago, akaandika tasnifu na kuhitimu. Je, bibi yule aliambiwa sauti yake itahifadhiwa wapi, na nani ataisikia? Kabla ya kumnyooshea kidole mwenye studio, ni vyema mtafiti aiulize swali hilo kanda yake mwenyewe.

Pili, lugha ya mikataba ni Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mtu anayelipwa kwa ajili ya Kiswahili chake hutakiwa kutia saini asichokielewa, au hapewi karatasi yoyote. Ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu ungetosha: sauti itatumika wapi, kwa muda gani, katika vyombo vipi, nini kitalipwa muda ukiongezwa, na kwamba haitafundishwa kwa mashine bila ruhusa. Kuuandika ukurasa huo hakuhitaji bunge. Kunahitaji mtu anayeijua lugha na anayeamini kwamba mwenye kuisema vyema anastahili kula jasho lake. Mkono mtupu haulambwi, na koo tupu nalo haliimbi.