Kilomita 280 Zilizogeuka 1,200

Chukua ramani ya Kenya uweke rula kati ya Lodwar na Marsabit. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka kumi, alifanya hivyo mezani kwangu hapa Mugutha, viungani mwa Ruiru, akapata sentimita tano na nukta sita. Katika atlasi yake, sentimita moja ni kilomita 50.

"Mama mkubwa," akaniambia kwa furaha, "kumbe baba na mama wako karibu! Ni kilomita 280 tu."

Baba yake ni muuguzi Lodwar. Mama yake ni mwalimu Marsabit. Yeye nimekaa naye tangu alipoanza shule.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, iendayo kilomita zipatazo 300 kwa saa, ingemaliza safari hiyo kabla ya saa moja kwisha. Lakini kati ya miji hiyo limelala Ziwa Turkana, refu kwa kilomita zipatazo 250, wala halina daraja. Mashua zipo, ila upepo wa huko si wa mzaha. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Nayo ndege ya kuvuka moja kwa moja, kwa nauli wanayoimudu, wazazi hawa hawajaipata. Waliosema penye nia pana njia, sijui kama walifika huko.

Basi anayetoka Lodwar hushuka kusini kupitia Kitale, Eldoret na Nakuru hadi Nairobi, kisha apande tena kaskazini kupitia Thika na Isiolo. Jumla ni takriban kilomita 1,200. Ndiyo maana wakikutana, hukutana kwangu.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mtoto alishikwa na homa kali usiku. Nikamkimbiza hospitali, nikapiga simu mbili. Baba alipanda ndege ya Lodwar hadi Nairobi, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mama alipanda basi. Kufikia jioni ya siku iliyofuata walikuwa kando ya kitanda, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa mwana wao. Walikuwa hawajaonana kwa miezi mitano.

Alipona, nao wakarudi kazini.

Wiki tatu baadaye aliniamsha alfajiri. "Mama mkubwa, naumwa." Nikamgusa paji la uso: baridi kama mtungi. Akainamisha macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Utawapigia wote wawili?"

Msomaji, nilishindwa kumgombeza. Mtoto alikuwa amegundua njia ya mkato kati ya Lodwar na Marsabit, nayo ilipitia mwilini mwake.

Nilipiga simu. Sikusema anaumwa, niliwaeleza alichoniuliza. Mdogo wangu alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

Maombi yao ya uhamisho bado hayajajibiwa. Lakini sasa kalenda ya jikoni kwangu ina duara jekundu kila muhula: siku watakayofika wote wawili, mtoto awe mzima au mgonjwa. Wewe uliye mbali na wako, usimwambie kwamba si mbali. Mpe tarehe, nawe uitimize.